Wayahudi wa Marekani na Uhusiano wa Washington na Israel: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila vita vinapozuka Mashariki ya Kati, maswali haya haya hurudi, na majibu yanayozagaa mara nyingi ni ya mkato: "Wayahudi ndio wanaoiendesha Marekani", basi, mjadala umefungwa. Mambo yenyewe yana kona nyingi kuliko hivyo. Maswali yamepewa namba ili jibu moja liweze kukupeleka kwa jingine.

## Mambo ya msingi

1. Je, Marekani na Israel zina mkataba wa kulindana vitani?

Hapana, na hili huwashangaza wengi. Hakuna mkataba kama ule wa NATO, ambao anayemshambulia mwanachama mmoja amewashambulia wote. Kilichopo ni mlolongo wa makubaliano: mkataba wa biashara huria wa 1985, wa kwanza wa aina hiyo ambao Marekani iliwahi kutia saini, hadhi ya mshirika mkuu asiye mwanachama wa NATO tangu 1987, na hati za misaada ya kijeshi zinazoandikwa kwa miaka kumi kumi. Hati ya sasa ilitiwa saini 2016, wakati wa Barack Obama. Inaahidi dola bilioni 38 kwa miaka ya bajeti ya 2019 hadi 2028: bilioni 33 za silaha na bilioni 5 za ulinzi dhidi ya makombora.

Hati ya namna hii ni ahadi ya serikali kwa serikali. Haitoi fedha yenyewe. Kila mwaka Bunge la Marekani lazima liidhinishe kiasi cha mwaka huo, na kwa hiyo kila mwaka kuna wabunge wa kuzungumza nao. Asiyeelewa hili hataelewa kwa nini kuna watu wanaofanya kazi hiyo mwaka mzima, hata pasipo na vita.

2. Kenya nayo ni mshirika mkuu asiye mwanachama wa NATO. Ina maana iko sawa na Israel?

Kwa jina, ndiyo. Joe Biden aliipa Kenya hadhi hiyo Juni 2024, na ikawa nchi ya kwanza kusini mwa Sahara kuipata. Hadhi hiyo hurahisisha ununuzi wa silaha, mafunzo na utafiti wa pamoja wa kijeshi. Haiji na mabilioni, wala haimlazimishi Mmarekani kupigana kwa ajili yako. Yanayoitenga Israel ni fedha zilizotajwa katika swali la 1, historia, na wapiga kura ndani ya Marekani wanaoifuatilia nchi hiyo kwa karibu.

3. Wayahudi wa Marekani ni wangapi?

Kituo cha utafiti cha Pew kilikadiria mwaka 2020 kwamba ni watu milioni 7.5, watoto wakiwemo. Kwa watu wazima ni kama asilimia 2.4 ya nchi. Wengi wako New York, California, Florida na New Jersey. Hawana msimamo mmoja wa dini: asilimia 37 walijitaja kuwa wa mkondo wa Reform, 17 wa Conservative, 9 tu ni Waorthodoksi (Wayahudi wanaoshika sheria za jadi), na sehemu kubwa ya waliobaki hawafuati mkondo wowote.

4. Kwa nini jambo la Israel linawagusa hivyo?

Sababu ni nyingi na hazifanani kwa kila mtu. Kuna dini: Yerusalemu imo katika sala za kila siku. Kuna mauaji ya Wayahudi milioni sita chini ya Wanazi, na kumbukumbu kwamba Marekani yenyewe ilikuwa imebana milango ya uhamiaji tangu 1924. Kuna undugu wa damu pia, kwa maana familia moja inaweza kuwa na tawi Brooklyn na tawi Haifa.

Katika utafiti huo huo wa 2020, asilimia 45 walisema kuijali Israel ni sehemu ya lazima ya Uyahudi wao, na 37 wakasema ni muhimu lakini si lazima. Umri unaleta tofauti kubwa. Waliojiona wana uhusiano wa karibu na Israel walikuwa asilimia 67 kati ya wenye miaka 65 na zaidi, na asilimia 48 kati ya walio chini ya miaka 30. Takwimu hizi ni za kabla ya vita vya Gaza vilivyoanza Oktoba 2023.

## Ilikotoka

5. Nani alimshawishi Truman kuitambua Israel mwaka 1948?

Jibu linalopendwa ni Eddie Jacobson, na kwa kweli kisa chake kinastahili kusimuliwa. Jacobson na Harry Truman walipigana pamoja Vita vya Kwanza vya Dunia, kisha wakafungua duka la nguo za kiume Kansas City. Duka likafilisika, urafiki ukabaki. Mapema 1948 Truman alikuwa amechoshwa na shinikizo la viongozi wa Kizayuni, yaani waliotaka dola ya Kiyahudi Palestina, akakataa kumpokea mmoja wao, Chaim Weizmann, aliyekuwa mgonjwa na mzee. Shirika la B'nai B'rith lilimwomba Jacobson akajaribu bahati yake. Tarehe 13 Machi aliingia Ikulu bila miadi, akaelekeza kidole kwenye sanamu ya Andrew Jackson, shujaa wa Truman, akamwambia kwamba Weizmann kwake ni shujaa vivyo hivyo. Truman alinung'unika, kisha akakubali. Siku tano baadaye Weizmann aliingizwa kwa siri.

Lakini msimulizi akiishia hapo anadanganya kidogo. Truman alikuwa msomaji wa Biblia tangu utotoni, wakimbizi wa Kiyahudi walikuwa bado wamejaa kambini Ulaya, na ulikuwa mwaka wa uchaguzi. Upande wa pili alisimama George Marshall, Waziri wa Mambo ya Nje, aliyemwambia rais ana kwa ana kwamba akiitambua nchi hiyo, yeye Marshall kama angepiga kura angempigia mpinzani. Tarehe 14 Mei Marekani iliitambua Israel dakika 11 baada ya kuzaliwa kwake. Silaha haikuipa hata moja, kwa kuwa vikwazo vya kuuza silaha katika eneo hilo viliendelea. Israel ilijipatia bunduki kutoka Czechoslovakia.

6. Je, Wayahudi wote wa Marekani waliunga mkono tangu mwanzo?

La hasha. Mwaka 1885 marabi wa Reform waliokutana Pittsburgh walitangaza kwamba Wayahudi si taifa tena bali jumuiya ya dini, na kwamba hawatarajii kurudi Palestina. Mwaka 1942 baadhi ya watu wa mkondo huo waliunda American Council for Judaism kupinga wazo la dola ya Kiyahudi. Waliogopa jambo moja hasa: kuambiwa na majirani zao, "nchi yako iko kule, si hapa."

Hofu hiyo ilizaa makubaliano ambayo leo wachache wanayakumbuka. Mwaka 1950 David Ben-Gurion, waziri mkuu wa Israel, alikubaliana na Jacob Blaustein, rais wa American Jewish Committee, kwamba Wayahudi wa Marekani ni raia watiifu wa Marekani peke yake, na kwamba Israel haiwasemei. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo hati ya kusoma kabla ya kuuliza swali la 14.

7. Basi silaha za Marekani zilianza lini?

Baadaye kuliko watu wanavyodhani. John F. Kennedy aliidhinisha makombora ya kutungulia ndege ya Hawk mwaka 1962. Lyndon Johnson akakubali ndege za Phantom mwaka 1968. Hadi vita vya Juni 1967 ndege za Israel zilikuwa za Kifaransa, na Rais wa Ufaransa Charles de Gaulle alipofunga bomba la silaha, Washington ikachukua nafasi.

Vita hivyo vya siku sita viliwageuza pia Wayahudi wa Marekani wenyewe. Wiki za wasiwasi kabla ya vita, na ushindi wa haraka uliofuata, vilifanya hata waliokuwa hawana habari na Israel wachange fedha na kujitolea. Mwaka 1973, Israel ilipovamiwa katika sikukuu ya Yom Kippur, Richard Nixon alituma shehena za silaha kwa ndege na kuomba Bunge dola bilioni 2.2. Sababu yake kubwa ilikuwa Moscow, iliyokuwa ikizijaza silaha Misri na Syria.

## Mashirika na fedha

8. Ni mashirika gani hasa yanayohusika?

Ni mengi mno. Kongwe ni B'nai B'rith (1843), American Jewish Committee (1906) na Anti-Defamation League (1913). Yana kazi nyingine tele zisizohusu Israel. Maofisa wa serikali ya Eisenhower walichoka kupokea ujumbe baada ya ujumbe wenye ombi lile lile, na katikati ya miaka ya 1950 ukaundwa mwavuli unaoitwa Conference of Presidents, unaokusanya takriban mashirika 50 ili yazungumze na Ikulu kwa sauti moja. Bungeni kazi hiyo hufanywa na AIPAC, shirika la ushawishi lililoanzishwa na Isaiah Kenen miaka hiyo hiyo ya 1950.

Mwaka 2008 ilizaliwa J Street, chini ya Jeremy Ben-Ami. Nayo inataka ushirikiano udumu, ila inataka Marekani iutumie kusukuma amani na kuundwa kwa dola ya Palestina. Ilipoomba kujiunga na mwavuli mwaka 2014 ilikataliwa kwa kura 22 dhidi ya 17. Hata hiyo "sauti moja", basi, ina wanaoachwa nje ya mlango.

9. AIPAC inafanyaje kazi?

Kwa muda mrefu haikuwa ikitoa hela kwa wagombea moja kwa moja. Nguvu yake ilikuwa watu: katika kila jimbo la uchaguzi ilitafuta wanachama wanaomjua mbunge, daktari wake, mfadhili wake, mtu aliyesoma naye, ikawafundisha hoja na kuwaleta Washington. Maofisa wake waliwapa wasaidizi wa wabunge taarifa zilizoandaliwa vizuri. Msaidizi mwenye miaka 25 na mafaili mia mezani hupenda sana mtu anayemletea ukurasa mmoja uliokamilika.

Mambo yalibadilika Desemba 2021, ilipounda mfuko wa kuwachangia wagombea na mwingine wa matumizi yasiyo na kikomo, United Democracy Project. Endelea na swali la 11.

10. Je, fedha hizo zinatoka Israel?

Hapana. Kwa sheria ya 1938, anayefanya kazi kwa maelekezo ya serikali ya kigeni lazima ajiandikishe kama wakala wake. AIPAC haijajiandikisha kwa sababu wafadhili na viongozi wake ni Wamarekani. Wakosoaji wanasema mpaka huo ni mwembamba, na wanakumbusha kwamba mwaka 1962 Wizara ya Sheria ililiamuru shirika la American Zionist Council lijiandikishe kwa kuwa lilipokea fedha kutoka nje. Hoja yao si ya kutupwa. Fedha zinazotajwa leo katika kampeni, hata hivyo, ni za raia wa Marekani, na hilo ndilo linalozifanya ziwe halali na ziwe na nguvu.

11. Ni kweli AIPAC inaweza kumwangusha mwanasiasa?

Wakati mwingine. Mwaka 2024 mfuko wake ulitumia zaidi ya dola milioni 14 katika kura ya mchujo ya Democratic huko New York, na mbunge Jamaal Bowman akashindwa na George Latimer. Wiki chache baadaye Cori Bush alishindwa Missouri, baada ya mfuko huo kutumia zaidi ya milioni 8. Miaka ya 1980 jina lililotajwa lilikuwa Charles Percy, seneta wa Illinois aliyepoteza kiti 1984.

Upande wa pili kuna Summer Lee wa Pennsylvania: mwaka 2022 alishambuliwa kwa mamilioni na akashinda. Jambo la kuangalia kwa makini ni matangazo yenyewe. Mengi hayaitaji Israel kabisa. Yanazungumzia barabara, uhalifu, au kura ambayo mbunge aliikosa. Waliolipia wanajua kwamba mpiga kura wa kawaida haamki asubuhi akiifikiria Tel Aviv.

## Nguvu na mipaka yake

12. Kwa hiyo Wayahudi ndio wanaoamua sera ya Marekani Mashariki ya Kati?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote. Njia nzuri ya kulijibu ni kutazama siku ambazo rais wa Marekani na mashirika haya walivutana.

Oktoba 1956, Israel, Uingereza na Ufaransa ziliishambulia Misri. Uchaguzi wa rais ulikuwa wiki moja mbele. Dwight Eisenhower aliwapinga waziwazi, akachaguliwa tena, kisha akaibana Israel mpaka ikaondoka Sinai Machi 1957.

Mwaka 1981 Ronald Reagan alitaka kuiuzia Saudi Arabia ndege za upelelezi za AWACS. AIPAC ilipigana kwa nguvu zote. Seneti iliidhinisha kwa kura 52 dhidi ya 48.

Septemba 1991 Israel iliomba dhamana ya mikopo ya dola bilioni 10 ili iwapokee Wayahudi kutoka Muungano wa Kisovieti uliokuwa ukisambaratika. George Bush mzee alitaka ombi lisubiri kwa sababu ya makazi ya walowezi. Wanaharakati zaidi ya elfu moja walimiminika Bungeni siku moja, na Bush akajieleza mbele ya wanahabari kama mtu mpweke anayekabiliana nao. Kauli hiyo iliwaudhi sana Wayahudi wengi. Hata hivyo ombi lilisubiri, na dhamana ikatoka 1992 baada ya Yitzhak Rabin kushinda uchaguzi Israel.

Mwaka 2015 Benjamin Netanyahu alikuja hadi Bungeni Washington kuyapinga mazungumzo ya nyuklia na Iran. AIPAC ilipinga makubaliano yaliyofuata, J Street ikayaunga mkono. Maseneta Wayahudi wenyewe waligawanyika: Chuck Schumer akapinga, Dianne Feinstein na Bernie Sanders wakaunga mkono. Obama alipata alichotaka.

Rais aliyeamua kweli, kwa hiyo, ameshinda karibu kila mara. Nguvu ya mashirika haya huonekana mahali pengine: katika mambo ambayo rais hana haja ya kuyapigania, katika bajeti za kila mwaka, na katika kumfanya mwanasiasa apige hesabu ya gharama kabla hajafungua mdomo. Si nguvu ndogo. Si utawala pia.

13. Na Wakristo wana nafasi gani?

Kubwa, na pengine kubwa kuliko inavyotajwa. Wakristo wa kiinjili ni wengi kuliko Wayahudi mara kadhaa, na wengi wao huiona Israel kama utimilifu wa unabii. Christians United for Israel, iliyoundwa 2006 na mchungaji John Hagee wa Texas, inadai wanachama zaidi ya milioni 10, yaani kuliko Wayahudi wote wa nchi hiyo. Donald Trump, aliyehamishia ubalozi Yerusalemu Mei 2018, alisema waziwazi mwaka 2020 kwamba alifanya hivyo kwa ajili ya Wakristo hao.

Ron Dermer, aliyekuwa balozi wa Israel Washington, alikwenda mbali zaidi mwaka 2021. Alishauri Israel iwekeze zaidi kwa Wakristo wa kiinjili kuliko kwa Wayahudi, kwa kuwa kati ya Wayahudi wakosoaji ni wengi. Unaweza kufikiria ushauri huo ulivyopokelewa katika masinagogi ya New York.

Kura zinalingana na picha hiyo. Asilimia 71 ya Wayahudi wazima mwaka 2020 walikuwa upande wa Democratic, licha ya ubalozi kuhamishwa. Ni Waorthodoksi pekee waliokuwa kinyume, robo tatu yao wakiwa Republican. Kwa wengi Israel ni jambo moja kati ya mengi, pamoja na afya, uchumi na mahakama.

## Maswali magumu

14. Si hao wana utiifu kwa nchi mbili?

Shutuma hii ni ya zamani kuliko Israel yenyewe, na Wayahudi wa Ulaya walilipa kwa damu kwa sababu yake. Raia kuitetea nchi anayoipenda nje ya mipaka ni jambo la kawaida Marekani. Wamarekani wenye asili ya Ireland, Cuba, Armenia na Ugiriki wamefanya hivyo miaka mingi.

Kuna mstari, na aliyeuvuka aliadhibiwa. Jonathan Pollard, mchambuzi wa ujasusi wa jeshi la majini, alikamatwa Novemba 1985 kwa kuipa Israel siri na akahukumiwa kifungo cha maisha. Aliachiwa 2015. Alipokamatwa, mashirika makubwa ya Kiyahudi yalishtuka na kujitenga naye haraka, kwa hofu ile ile iliyoelezwa katika swali la 6. Na Michael Oren, mzaliwa wa New York, ilimbidi aukane uraia wa Marekani mwaka 2009 kabla ya kuwa balozi wa Israel.

15. Mtu anaweza kuunga mkono ushirikiano huku akiipinga serikali ya Israel?

Anaweza, na huenda hiyo ndiyo hali ya walio wengi. Machi 2024 Schumer, wakati huo kiongozi wa walio wengi katika Seneti na Myahudi mwenye cheo cha juu kuliko wote waliochaguliwa nchini humo, alisimama na kumtaja Netanyahu kuwa kikwazo cha amani, akataka uchaguzi mpya ufanyike Israel. Mwezi uliofuata alipigia kura mabilioni ya msaada wa dharura kwa nchi hiyo hiyo.

Ugomvi mwingine hauhusu Wapalestina hata kidogo. Januari 2016 serikali ya Israel ilikubali kutenga eneo rasmi katika Ukuta wa Magharibi ambapo wanaume na wanawake wangesali pamoja, kama wafanyavyo Reform na Conservative. Juni 2017 ikausitisha mpango huo kwa shinikizo la vyama vya Waorthodoksi wenye msimamo mkali. Fikiria unachangia nchi kwa miaka 40, kisha unaambiwa rabi wako hatambuliki kule.

16. Na Wayahudi wanaoupinga ushirikiano wenyewe?

Wapo. Jewish Voice for Peace, iliyoanza 1996, inajitaja kuwa dhidi ya Uzayuni. Oktoba 2023 wafuasi wake waliketi chini kwa maandamano ndani ya majengo ya Bunge na katika kituo cha treni cha Grand Central, wakakamatwa. Wahasidi wa Satmar, kundi la Waorthodoksi wenye msimamo mkali, wanaupinga Uzayuni kwa sababu za dini: kwao dola ya Kiyahudi kabla ya kuja Masihi ni kosa. Sanders, aliyelelewa Brooklyn katika familia ya Kiyahudi, alileta Novemba 2024 maazimio ya kuzuia baadhi ya silaha. Hayakupata zaidi ya kura 19 kati ya 100. Mwezi huo huo wa Novemba mwaka uliotangulia, umati mkubwa ulikuwa umejaa Washington kuiunga mkono Israel. Wote hawa ni Wayahudi wa Marekani.

17. Nikiikosoa AIPAC, nimekuwa mwenye chuki dhidi ya Wayahudi?

Hapana. Kusema shirika fulani lilitumia kiasi fulani katika uchaguzi fulani ni dai linaloweza kuhakikiwa, na Wayahudi wenyewe hulisema. Kusema "Wayahudi" kwa siri wanaendesha benki, habari na vita ni kurudia hati ya kughushi iliyosambazwa Urusi mwanzoni mwa karne ya 20. Uvumi huu unaua. Aliyewapiga risasi watu 11 katika sinagogi la Pittsburgh Oktoba 2018 aliamini kwamba Wayahudi walikuwa na njama ya kuingiza wahamiaji nchini.

18. Wayahudi wa Uganda na Kenya wamo katika jambo hili?

Kisiasa, hapana. Abayudaya wa karibu na Mbale, jumuiya iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919, wana uhusiano wa karibu na Wayahudi wa Marekani, lakini ni wa dini, shule na zahanati. Rabi wao Gershom Sizomu alisomea Los Angeles na kutawazwa 2008. Jumuiya ya Nairobi ni ndogo, na sinagogi lake la kwanza lilijengwa enzi za ukoloni.

19. Hati ya misaada ikiisha, itakuwaje?

Mwaka wa mwisho wa bajeti ni 2028. Nyingine itajadiliwa na serikali mbili, na ndipo mashirika ya swali la 8 yatakapogawanyika tena: AIPAC inapinga masharti ya ziada, J Street inataka sheria za Marekani kuhusu matumizi ya silaha zifuatwe bila upendeleo. Kifungu kimoja cha hati ya sasa tayari kinawauma wenye viwanda wa Israel. Zamani waliruhusiwa kupokea zaidi ya robo ya fedha za silaha. Ruhusa hiyo inapunguzwa mwaka hadi mwaka, na kufikia 2028 kila dola itatumika kununua kwa Wamarekani. Wafanyakazi wa viwanda hivyo vya Marekani nao wana wabunge wao.